MREJESHO: Picha za maji moto (sisimizi washona majani) kwa lenzi ya kamera ya 18-55

Assalaam alaykum wadau. Niliuliza nitapigaje picha za wadudu kwa karibu bila kununua lenzi ya makro. Niko Wete, Pemba, nawataka maji moto wa kwenye mikarafuu.

Nimefuata ushauri wa vibomba vya kuweka kati ya lenzi na kamera. Vinafanya kazi! Weka lenzi kwenye 55, yaani zumu mpaka mwisho, maana ukirudi 18 mdudu anakaribia kugusa kioo. Vyangu ni vya bei rahisi, havina waya wa kupeleka umeme, kwa hiyo tundu la lenzi linabaki wazi kabisa: jicho kali, tumbo ukungu. Mwenye uwezo anunue vyenye waya apige f/8 au f/11, yaani tundu dogo.

Aliyesema niache fokasi ya otomatiki, nisogeze mwili mbele na nyuma taratibu huku nafyatua mfululizo, Mungu akulipe. Nyingi nafuta, lakini nimempata mmoja kamshika buu mdomoni, na buu huyo anatoa nyuzi za kushonea majani. Miguu ya buu sikuiona, kumbe hana.

Flashi nimeizibia kipande cha dumu jeupe, ule mng'ao mkali mgongoni umepungua sana.

Kwenda alfajiri wadudu wakiwa wazito kumesaidia kwa vipepeo tu. Maji moto ukigusa tawi wanakushukia wote, hawajui alfajiri wala adhuhuri. Na aliyesema nipake majivu viatuni? Nimejaribu, wamepanda vilevile.

Ahsanteni sana.