Mrejesho: Ford F-150 au Land Cruiser 79?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, mwezi uliopita niliuliza ninunue pikapu gani ya kubeba samaki kutoka Kasenga: Ford F-150 ya mtumba au Land Cruiser 79. Nimechukua Land Cruiser, injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, haina turbo.

Ford ilinivutia, nakiri. Kiti kama sofa! Lakini tangu modeli ya 2015 bodi yake ni alumini. Fundi wangu wa Kenya (mtaa, si nchi) aligonga mlango kwa kidole, akacheka: "Papa, alumini hii ikipasuka, nani hapa atakuchomea?"

Safari ya kwanza na Land Cruiser, kwenda tupu, springi za nyuma zilinirusha mpaka kofia ikagonga paa. Kurudi na mzigo, ikatulia. Mke wangu bado anaiulizia ile Ford.