Tupeane uzoefu: ukibadilisha jina la mhusika, wenzako wanakutambuaje?

Dada wa Himbi (Goma)
Wandugu, habari za leo. Kuna jambo limeleta maneno mengi kwenye gildi yetu, yaani kikundi chetu cha kucheza pamoja, naomba tulizungumze. Sisi tunacheza Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, maana tangu 2018 iko kwenye simu na haili mega nyingi. Mwenye uanachama wa kulipia anaruhusiwa kubadilisha jina bure kila baada ya siku 28, na vijana wetu wanaitumia ruhusa hiyo vilivyo.

Msimamo wangu nausema mapema: jina ni la mwenyewe, abadilishe apendavyo, lakini aage kwanza. Aandike kwenye gumzo la gildi siku kadhaa kabla, wote wasome. Jina likiachwa, mchezo unalishikilia kwa muda tu, kisha mtu yeyote anaweza kulichukua. Kwetu mgeni alichukua jina lililoachwa na kijana mmoja wa Majengo, akaanza kuazima vitu kwa watu waliomzoea huyo kijana. Dada mmoja akampa upinde ambao alikuwa ameuhangaikia miezi mingi. Alipogundua alilia kweli, mimi nikiwa naye kwenye simu. Kijana mwenyewe wakati huo alikuwa Bukavu, hana habari.

Kwenu yamekuwaje?

Fundi simu (Birere)
Mpe pole huyo dada. Kwenye RuneScape, ukiwa umemweka mtu katika orodha ya marafiki, jina lake jipya linakuja lenyewe, na kuna alama ndogo kando yake inayoonyesha la zamani. Kwa hiyo anayekuja na jina unalolijua ilhali hayumo kwenye orodha yako, huyo si wako. Mimi kabla ya kuazimisha chochote naangalia orodha kwanza, hata kama anajiita kwa jina la mdogo wangu.

Mtoto wa Kadutu (Bukavu)
Mimi nilibadilisha ili kumkimbia mtu. Jina la mhusika wangu lilikuwa jina langu la kweli na la mtaa wetu. Mwanaume mmoja akaanza kunifuata kila ninapoingia, mara ananiuliza niko barabara gani, mara narudi saa ngapi kutoka shule. Kila mtu akaniambia, badilisha tu jina. Nikabadilisha. Jioni ileile akanisalimia kwa jina jipya! Ni hiyo hiyo orodha anayoisema Fundi: alikuwa ameniweka kwenye yake, mchezo ukampelekea jina langu. Hata ukimfuta wewe kwako, wewe kwake unabaki.

Kilichonisaidia ni kumweka kwenye orodha ya watu wa kupuuzwa, na kufunga ujumbe wa faragha ubaki kwa marafiki niliowachagua mwenyewe. Tangu hapo kimya. Tafadhali, viongozi wa gildi, msichana akija na shida kama hii msimwambie habari ya jina peke yake. Mfundisheni na hizo sehemu mbili, kaeni naye mpaka amalize kuziweka.

Mkubwa wa Ndosho (Goma)
Kwenye World of Warcraft kubadilisha jina ni kwa kulipia, bei huko Marekani ni dola 10. Dola unaweza kuwa nayo, ila tangu benki zifungwe hapa mwanzoni mwa 2025, kadi ndiyo tatizo. Mimi nililipiwa na ndugu aliye Kigali. EVE Online hawabadilishi kabisa kwa kupenda kwako, kwa hiyo fikiria vizuri siku ya kwanza.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)
Nacheza Final Fantasy XIV. Pale mhusika anapewa majina mawili, na sisi Wakongomani tunayo matatu, kwa hiyo nilitumia jina na postnom (lile linalofuata jina la ukoo). Angalieni: ile dawa iitwayo Fantasia inabadilisha sura, kabila la mhusika, hata jinsia, lakini jina haliligusi. Jina ni huduma nyingine, unalipia peke yake. Binamu yangu alinunua Fantasia akitaka jina, akatoka na masikio marefu.

Kuhusu kuaga, namuunga mkono Dada. Baba yangu alibatizwa jina moja, mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristo, akachukua la babu. Mpaka leo wenzake wa mgodini wanamwita la kwanza, naye anaitika. Kwenye gildi yetu ni hivyo hivyo: aliyebadilisha tunamwita la zamani mwezi mzima, halafu mdomo unazoea wenyewe.

Dada wa Himbi (Goma)
Aksanti, yaya. Nimefungua daftari: jina la sasa, majina yaliyopita, na swali moja ambalo mwenyewe tu anajua jibu lake, la kumuuliza kabla hajaazimwa kitu. Mtoto wa Kadutu, maelezo yako ya zile sehemu mbili nayabandika kwenye gumzo la gildi jioni hii umeme ukirudi. Wenye Guild Wars 2 na Tibia bado hamjasema, nawasubiri.