Mrejesho: ile nyota ya babu

Jamani, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza hapa kuhusu medali ya nyota ya shaba ya babu yetu wa Kakamega, aliyekuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki): ni ya vita gani, na mbona haina jina lake?

Mlionijibu Burma (Myanmar ya leo), katika Vita Kuu ya Pili, mlipatia. Nilisugua kidogo (kwa kitambaa tu, mlinionya nisitumie majivu), maandishi yakajitokeza: The Burma Star. Jina halipo kwa sababu nyota hizo Uingereza ilizitoa bila kuchonga majina. Basi nilimshuku mjomba bure kwamba alibadilisha. Nimemwomba radhi, akacheka, akadai kuku.

Utamu ulikuwa kwa shangazi, Kisumu. Anakumbuka babu akichora kwenye vumbi kichwa cha kifaru, na wao wakidhani ni mzaha wa mzee. Kumbe hiyo ndiyo nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua za monsuni za 1944 hadi mto Chindwin! Babu alikuwa akisimulia matope zaidi ya risasi: matope ya magotini, magari yamezama, mzigo kichwani. Na vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Mvua kubwa ikinyesha alinyamaza, hata chai haigusi.

Utepe wa nyota umechakaa, bado una mstari mwekundu katikati. Shangazi ameurudisha kwenye kopo la mafuta ya kupikia ya Kasuku. Nimwachie tu, au nitafute fremu?