Kikundi cha familia, Arua: shimo jeusi na posho (ugali) ya Hajati

Swabra: Asalaam aleikum wazee, nina swali la fizikia msicheke. Eti shimo jeusi linazunguka. Kitu kinameza mpaka mwanga, sasa kinazungukaje?

Anko Juma: Waleikum salaam mwanangu. Nyota ilikuwa inazunguka toka zamani, ikifa inajikunja inakuwa kadogo, ule mzunguko hauna pa kwenda so inazidi mbio. Hesabu yake aliitoa Roy Kerr wa New Zealand, 1963

Anko Juma: Lakini utamu uko hapa, halizunguki peke yake, linaburuta na nafasi iliyo pembeni yake, yaani pale penyewe panazunguka

Hajati: Juma, panazungukaje na hapana kitu?

Anko Juma: Dada si unakoroga posho, mwiko uko katikati lakini hata ya pembeni inafuata, karibu na mwiko mbio, huku ukingoni polepole

Hajati: Nimekorogea matanga mengi, mwiko unaigusa posho. Hilo shimo lako linagusa nini?

Anko Juma: 😂😂 hapo umenishika. Haligusi kitu. Einstein alisema uzito unapinda nafasi na muda, sasa huo uzito ukizunguka unavisokota pia

Sula Boda: mi nikiwa na roketi kali nageuza naenda kinyume

Anko Juma: Ukiwa mbali utaweza. Ukisogea kuna sehemu inaitwa ergosfia, hapo washa injini yoyote huwezi kusimama ulipo, hata mwanga ukiulenga kinyume unabebwa tu kufuata mzunguko. Ila kutoka bado unatoka, ni ule mpaka wa ndani ukiuvuka ndio basi. Na mwanafizikia Penrose 1969 akaonyesha ukiwa humo ukitupa kitu ndani vizuri unatoka na nguvu kuliko uliyoingia nayo, shimo ndo linapungua mwendo

Sula Boda: yaani linakujazia tangi 😂 nipeni lokesheni

Swabra: Na dunia yetu si inazunguka pia, mbona haituburuti?

Anko Juma: Inaburuta, kidogo mno. Wamarekani walirusha satelaiti 2004, Gravity Probe B, ndani vimpira vinne saizi ya ping-pong vinazunguka, mhimili wa mzunguko wao ukainama kadogo kweli kweli, majibu kamili yakatoka 2011, kumbe dunia nayo inakoroga

Hajati: Basi ndio maana posho ya jana ilikuwa mabonge matupu

Swabra: Hapana Hajati, jana alikoroga anko