Mjadala: Mbia wa kuunda ndege aruhusiwe kujitoa kabla ndege haijapata cheti cha usalama?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Mwaka 1998 Boeing ilijitoa kwenye mradi wa Bell, kampuni ya helikopta ya Marekani, wa tiltrota ya kiraia, ndege inayopaa wima kama helikopta, kisha rota zake zinalala mbele na inaruka kwa mabawa. Agusta ya Italia ikaingia, ikazaliwa kampuni ya ubia, Bell/Agusta, yenye vyombo viwili: tiltrota BA609 na helikopta AB139.

Msimamo wangu ni kwamba kujitoa mapema kunaumiza pande zote. AB139 iliruka mara ya kwanza Februari 2001. Mwaka 2005 Bell ikamwachia mwenzake. Leo inaitwa AW139, zimeshaundwa zaidi ya 1,000, zinapeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta baharini na kuokoa watu. Bell ilishiriki kulima, ikaondoka mahindi yanabeba. Kwenye BA609 ikajitoa mwaka 2011, na mzigo wote ukabaki Italia.

Mchangiaji:
Mkuu, unaihukumu Bell kwa macho ya leo. Mwaka 2000 pekee V-22 mbili za jeshi la Marekani, tiltrota inayoundwa na Bell pamoja na Boeing, zilianguka na kuua watu 23. Kampuni ilikuwa na kazi ya kurekebisha hiyo kwanza. Na hiyo BA609 yako, sasa AW609, iliruka Machi 2003 lakini hadi 2024 ilikuwa haijapata cheti. Mwaka 2015 ndege yake moja ya majaribio ilianguka Italia, marubani wawili wakafa. Ukimfunga mtu kwenye mradi wa namna hiyo, nani atathubutu kuingia ubia?

Mleta mada:
Kuhusu V-22 nakubaliana nawe, ndugu yangu. Ila angalia: Bell haikuacha tiltrota. Iliunda V-280, na Desemba 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani likaichagua. Ujuzi ukaendelea kukua Texas huku mbia wa zamani akihangaikia cheti cha ndege waliyoibuni pamoja. AW609 hiyo itabeba hadi abiria tisa, raia wa kawaida. Simfungi mtu, aondoke akitaka, lakini aendelee kuchangia gharama za majaribio ya usalama mpaka cheti kitoke. Wenye uzoefu wa mikataba ya viwanda, sharti hilo mngelisaini?