Chumba cha studio nyumbani: trei za mayai, sponji au paneli za sufu ya mawe?

Biti_za_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nina chumba cha mita 3 kwa 3, ukuta wa plasta, sakafu ya simenti, dari iko mita 2.7. Narekodi vokali humo na kumiksi humo humo. Nikipiga kofi, mlio unarudi kama bati linalotetema. Besi ndiyo kichaa kabisa: nikikaa kwenye kiti siisikii, nikisogea ukutani inajaa. Basi naiongeza, halafu miksi ikifika kwenye gari watu wanashika kifua. Nimeshauriwa mambo matatu: trei za mayai ukuta mzima, sponji zile za vinundu, au nitengeneze paneli za mbao na sufu ya mawe (zile nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa). Mfuko unaruhusu kimoja tu. Halafu jirani ana mashine ya kusaga, nayo inaingia kwenye maiki. Nawasilisha.

Mzee_wa_Ngoma
Trei, mkuu. Mimi nilianza nazo, na kazi zilitoka redioni.

FundiMaiki
Zilitoka kwa sababu msanii alijua kuimba, mzee wangu, trei hazikuhusika. Sauti hupungua inapolazimishwa kupita ndani ya kitu kinene chenye nyuzi au vitundu: hewa inasuguana humo, nguvu yake inageuka joto. Trei ni karatasi. Inatawanya kidogo mlio wa juu, basi.

Sponji ya sentimita 2 na nusu ina kazi, ila inakula vizuri kuanzia kama hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) kwenda juu. Ukiibandika ukuta mzima unaua "s" na "t" huku besi imekaa pale pale kama mwenye nyumba. Vokali inatoka kama umeimba ndani ya kabati.

Sasa hesabu ya noti za besi ambazo chumba chako kinazivimbisha. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili: 343 kwa 6, unapata hezi 57. Upana nao ni mita 3, kwa hiyo tena 57. Dari inaleta karibu 64. Zote zimerundikana sehemu moja! Na mawimbi hayo mawili ya 57 yanajifuta katikati ya chumba, bila shaka ndipo ulipoweka kiti. Kabla hujanunua hata msumari, sogeza kiti: masikio yawe kama mita 1.14 kutoka ukuta wa mbele, yaani asilimia 38 ya urefu. Anzia hapo, halafu sikiliza ukisogea kidogo kidogo.

Kwa pesa, chagua paneli. Sufu unene wa sentimita 10, uiache mbali na ukuta sentimita 10 nyingine. Anza na kona, kisha pande mbili za masikio na juu ya kichwa. Nisikudanganye, hezi 57 hazitakwisha: robo ya wimbi lake ni mita 1 na nusu, paneli haifiki huko. Ila kuanzia 100 na ushee kwenda juu utasikia chumba kingine. Vaa barakoa na glavu ukikata, ile kitu inawasha.

Kisauni254
Mimi niko Mombasa, bei ya sufu ya mawe ilinishinda. Nyanya alikuwa na magodoro mawili ya sufi ya zamani. Nikayafumua, nikayachambua, nikayashona upya na kuyasimamisha kwenye kona. Yamesaidia kuliko nilivyodhani. Shida ni joto. Ikifika Februari, chumba kimefungwa na feni imezimwa, msanii anaimba mistari minne anaomba maji.

FundiMaiki
@Kisauni254 usione haya. Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza kazi hii mwaka 1895 kwa kubeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, akipima mwangwi unavyopungua kila akiongeza mto. Kanuni ya kukokotoa mwangwi tunayotumia hadi leo ilitoka kwenye mito hiyo.

Mtoto_wa_Makorora
Huku Tanga tuna katani. Nyuzi fupi zinazobaki ukizishindilia kwenye fremu zinafanya kazi, mradi zikauke vizuri, la sivyo zinanuka na panya wanahamia. Na gunia la katani ndilo kitambaa bora cha kufunikia paneli. Jaribu kwa mdomo: puliza, pumzi ikipita, sauti nayo inapita. Usifunike kwa plastiki.

Dada_Vokali
Mmesahau moto. Sponji ya godoro si mchezo. Mwaka 2003 klabu moja ya Rhode Island, Marekani, ilishika moto baada ya fataki kuwasha sponji iliyozunguka jukwaa. Watu 100 walikufa. Geto lenye waya zilizoungwa kwa selotepu usilivike sponji ukuta mzima. Sufu ya mawe haiungui.

Pili, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachozuia mashine ya jirani. Kelele ya nje inazuiwa na uzito na kuziba nyufa: mlango wa mbao nzito, mpira pembeni, dirisha lisilopitisha hewa. Ndiyo hapo joto la Kisauni linapoanza.

Tatu, waimbaji wengi wanatundika blanketi nyuma ya maiki. Maiki zetu nyingi zinasikia upande wa mbele, na mbele yake upo wewe na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Blanketi kuu liwe mgongoni.

Biti_za_Mbagala
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu. Kiti nilikisogeza usiku ule ule, na besi ikatokea bila senti! Nimetengeneza paneli nne, mbili kona za mbele, mbili pembeni, nimezifunika gunia. Kofi sasa linakufa. @Dada_Vokali, blanketi liko mgongoni. Besi ya gari imepungua, ingawa noti moja ya chini bado inavimba. Mashine sijaiweza. Jirani anafunga saa mbili usiku, kwa hiyo narekodi kuanzia saa mbili na nusu.