Matairi mapya ya MT-07 kwa safari za kazini Dodoma: nichukue aina gani?

Ipagala689

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji ushauri wa wanaozijua pikipiki kubwa.

Mashine ni Yamaha MT-07. Mbele ina 120/70 ZR17, nyuma 180/55 ZR17, yote ni matairi yasiyotumia tyubu. La nyuma limeliwa katikati mpaka limekuwa bapa, ila pembeni kashata bado zimejaa. La mbele kwa macho ni zima, lakini ubavuni lina namba 1119.

Matumizi ni Ipagala kwenda ofisini Mji wa Serikali, Mtumba, na kurudi. Karibu njia nzima ni lami iliyonyooka ya barabara ya Morogoro, isipokuwa kipande cha changarawe na mchanga kutoka lami hadi nyumbani, hakifiki kilomita mbili. Mara chache inatokea safari ya Morogoro mjini na abiria nyuma.

Ushauri niliopewa mpaka sasa unapingana. Mmoja anasema nichukue tairi laini la mashindano kwa kuwa ndilo linaloshika kuliko yote. Mwingine anasema la nyuma nilipandishe upana kutoka milimita 180 liwe 190. Wa tatu anauza la mtumba kutoka Japani, kashata nzuri, nusu ya bei. Na je, nibadilishe la nyuma peke yake au yote mawili?

LamiNaVumbi

Mkuu, anza na hilo bapa, maana ndilo linalokwambia uchukue nini. Njia iliyonyooka inakula katikati tu. Tairi likishakuwa bapa, ukianza kuinamisha kwenye mzunguko pikipiki inakataa, halafu ukivuka ule ukingo kati ya sehemu iliyoliwa na isiyoliwa inaangukia ndani ghafla. Wengi hukimbilia kubadili beringi za usukani. Vaa tairi jipya kwanza ndipo uhukumu beringi.

Tairi la mashindano lisahau. Mpira wake umetengenezwa kufanya kazi ukiwa wa moto sana, joto la kona za kasi zinazofuatana. Wewe unatoka Ipagala saa 1 asubuhi, mwezi wa saba kuna baridi, unanyoosha hadi Mtumba. Linafika ofisini kabla halijapata joto lake, na hapo katikati litaliwa upesi kuliko hilo ulilonalo. Utakuwa umelipia mshiko usioupata.

Kundi linalokufaa ni matairi ya lami ya safari ndefu, ambayo la nyuma lina mpira wa aina mbili: mgumu katikati, laini pembeni. Tafuta Michelin Road 5 au Road 6, Pirelli Angel GT II, Bridgestone Battlax T32, Metzeler Roadtec 01 SE. Mpira wa kundi hili umechanganywa na silika (silica, unga wa madini) nyingi, kwa hiyo unashika ukiwa bado wa baridi na hata kwenye maji. Suala la maji usilidharau eti kwa sababu Dodoma ni kukavu. Mvua za kwanza, Novemba na Desemba, zinaangukia lami iliyokusanya vumbi na mafuta ya malori kwa miezi. Utelezi wake ni mbaya kuliko wa Machi, wakati barabara imeshaoshwa.

Kati ya hayo manne tofauti ni ndogo kwa kazi yako. Chukua lile utakalolipata likiwa na tarehe ya karibuni, mbele na nyuma jina moja.

Kuhusu 190, hapana. Rimu yako ya nyuma ina upana wa nchi 5.5 na pikipiki imepangiwa 180/55. Ukibana tairi pana kwenye rimu hiyo, umbo la mgongo wake linabadilika, mashine inakuwa nzito kugeuka, na mshiko hauongezeki. Soma pia maandishi yanayofuata saizi: mbele (58W), nyuma (73W). Hiyo 58 ni uwezo wa kubeba kilo 236, 73 ni kilo 365, na W iliyo ndani ya mabano ni kasi inayozidi kilomita 270 kwa saa. Kasi hiyo huifiki, lakini tairi la herufi ya chini halikujengwa kuvumilia joto lilelile. Lami ya saa 8 mchana, abiria na mzigo, Gairo hadi Morogoro: hapo ndipo joto linapojilimbikiza. Usishuke chini ya ulichopangiwa.

La mtumba liache. Mpira unakakamaa kwa umri hata tairi likiwa limetundikwa ukutani, na kashata ndefu juu ya mpira mkavu zinadanganya macho. Isitoshe, ndani huoni kama liliwahi kuzibwa pancha au kutembezwa bila upepo mpaka nyuzi za ubavu zikaungua.

La mbele: 1119 maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2019. Chunguza mashina ya kashata na ubavu, karibu na rimu. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, limekwisha hata kama kashata zipo. Kwa umri huo badilisha yote mawili kwa pamoja. La nyuma likiwa jipya, la duara, na la mbele limechoka, pikipiki inainama kwa kasi mbili tofauti na hutaelewa kwa nini inayumba kwenye kona.

Kizota_Chini

Natofautiana na mkuu hapo juu kwenye jambo moja. Kipande cha changarawe, asubuhi na jioni, si cha kupuuza. Yapo matairi ya nchi 17 yenye kashata kubwa kiasi ambayo bado ni ya lami, kwa mfano Pirelli MT 60 RS, na saizi ya 180/55 ipo. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa breki ya nyuma inakusikiliza vizuri zaidi kuliko kwa tairi la lami tupu. Na mvua zikifanya hicho kipande tope, tairi la lami linajaa udongo kwenye mifereji yake midogo na kuwa kipara papo hapo.

LamiNaVumbi

Kwenye tope uko sahihi, Kizota. Ninachopima ni njia nzima. Vumbi lingekuwa nusu ya safari ningemwambia achukue hilo hilo. Lakini hapa lami ndiyo inayobeba karibu kilomita zote, na kashata kubwa kwenye lami zinajikunja kila ukifunga breki, zinaliwa upande mmoja na kuota meno, tena zinaunguruma. Kwenye mchanga laini wa Dodoma, gurudumu la mbele la nchi 17 litazama kwa tairi lolote. Pale unapita kwa gia ya pili, mwili nyuma kidogo, bila kugusa breki ya mbele. Na asipunguze upepo kwa ajili ya kipande hicho, maana dakika chache baadaye anaingia lami kwa kasi ya 80.

SpanaKumiNaNne

Kuchagua mmeshamaliza, nawaongezea kufunga, kwa sababu tairi zuri linaharibiwa siku ya kufungwa.

Kabla hujalipa, tafuta ile tarehe ya tarakimu nne ubavuni. Mara nyingi iko upande mmoja tu, geuza tairi. Kama limekaa dukani likipigwa jua mlangoni liache hata kama tarehe ni nzuri. Mng'ao wa polishi pia si dalili ya upya.

Fundi wa bodaboda ana ujuzi wake, lakini rimu ya aluminiamu na tairi gumu la 180 vinataka vifaa vingine. Mwulize mambo matatu kabla hujamwachia: analing'oaje tairi kwenye kingo za rimu, ana vikinga vya plastiki vya kuweka chini ya liva (vyuma vya kung'olea tairi), na anabalansi vipi. Akikwambia anagonga kwa nyundo au anapitisha gari juu, ondoka. Ni afadhali ufungue magurudumu mwenyewe nyumbani uyapeleke kwenye karakana yenye mashine ya kubana.

Gurudumu lisilazwe chini kwa upande wa disiki ya breki. Disiki ikipinda kidogo tu, utaisikia kwenye mkono wa breki kila ukifunga breki. Lilaze juu ya tairi kuukuu la gari. Kama pikipiki ina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki), kuna kisahani chembamba chenye matundu karibu na disiki pamoja na sensa yake. Liva ikigonga pale taa ya ABS itawaka na haitazimika.

Valvu ibadilishwe kila tairi linapobadilishwa. Mpira wa valvu unazeeka sawa na wa tairi, na kwa kasi kubwa unavutwa nje. Tundu la rimu lipimwe, zipo za milimita 8.3 na za 11.3. Ukipata ya chuma iliyopinda nyuzi 90 chukua, maana ya nyuma inasumbua kuingiza mpira wa pampu katikati ya disiki na sproketi.

Kingo za tairi zipakwe maji ya sabuni au mafuta maalumu ya matairi. Grisi na oili marufuku: tairi litazunguka ndani ya rimu siku utakayovuta mafuta kwa nguvu. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Kama kuna doa la njano, likae kwenye valvu. Ndipo sehemu nyepesi ya tairi ilipo. Wakati wa kujaza, kingo zinaingia mahali pake kwa mlio mkubwa, mara mbili. Kikomo cha upepo wa kukalisha kimeandikwa ubavuni, kisipitwe. Zikigoma, toa upepo, paka sabuni tena, jaribu upya. Halafu angalia mstari mwembamba unaozunguka tairi juu ya ukingo wa rimu: lazima uwe umbali sawa pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa na pikipiki itarukaruka.

Wakati wa kurudisha gurudumu la nyuma, spesa za kushoto na kulia zisibadilishane, na mipira iliyo ndani ya kishikio cha sproketi ikaguliwe. Ikiwa imelegea, ibadilishwe wakati huo huo. Ulegevu wa cheni umeandikwa kwenye stika iliyo kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Alama za pande zote mbili zilingane, kisha nati ya ekseli ikazwe kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki. Mwisho kabisa, kabla hujapanda, bonyeza breki ya mbele na ya nyuma mara kadhaa mpaka zisimame ngumu. Pedi zinasukumwa nyuma gurudumu likitolewa, na mbonyezo wa kwanza unazama bila kushika chochote. Watu wameingia ukutani getini kwao kwa sababu hiyo.

Ipagala689

Nashukuru sana wakuu. Nitafuata kundi la safari ndefu, yote mawili. Mawili ya mwisho: upepo niweke kiasi gani kwa joto la huku, na nikipata pancha njiani nifanyeje? Miiba na misumari kwenye hizi njia za mtaani ni mingi.

Upepo36

Mkuu, MT-07 ni psi 33 mbele na 36 nyuma, tairi likiwa la baridi. La baridi maana yake asubuhi kabla hujawasha, siyo baada ya kufika kwa fundi pancha. Usipunguze upepo eti kwa sababu ya jua. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi na kupata moto zaidi, kinyume cha unachotaka. Kujaza kupita kiasi nako ndiko kunakoharakisha ule ubapa wa katikati. Baada ya safari ni kawaida psi ipande kama asilimia 10, usiitoe. Ikipanda kupita hapo sana, ulianza na upepo mdogo.

Nunua geji yako mwenyewe. Za kwenye kompresa za barabarani zimeangushwa mara nyingi mno. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: geji inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tairi lililojazwa 36 Dar litasoma karibu 38 likifika huku, joto likiwa lile lile. Ukishuka pwani inakuwa kinyume, pima tena ukifika.

Pancha: mwiba wa mgunga mara nyingi unakatikia ndani na kuvujisha polepole, kwa hiyo tairi linalopoteza psi 3 au 4 kwa wiki linyunyizie maji ya sabuni ulikague taratibu. Karibu na nyumba zinazojengwa, tatizo ni misumari na vipande vya bainding waya. Ukikiona kitu kimechoma usikichomoe pale pale kama upepo bado upo. Nenda taratibu hadi penye vifaa.

Beba chini ya siti utambi wa kuzibia, sindano zake mbili na pampu ndogo ya betri. Utambi unaochomekwa kwa nje ni wa kukufikisha tu, mwendo wa chini ya 80. Matengenezo ya kudumu ni tairi kutolewa na kuwekwa kizibo chenye umbo la uyoga kwa ndani, tena kwa tundu lisilozidi milimita 6 lililo sehemu ya kashata. Ubavuni halizibwi. La mbele mimi sikubali lizibwe kabisa, libadilishwe. Dawa za maji za kumimina ndani usitumie kwa mashine hii. Zinavuruga balansi, na fundi atakayefungua baadaye hataliona tundu.

Na matairi mapya yana ngozi laini inayoteleza kutoka kwenye kalibu. Kilomita 150 za kwanza vuta mafuta polepole, inama kidogo kidogo kila siku, na usisugue kwa msasa wala petroli. Siku ya kwanza chora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu karibu na valvu. Jioni uangalie: mistari ikiachana, tairi limezunguka ndani ya rimu, rudi kwa aliyefunga likabalansiwe upya.